Timazi Ndani ya Sufuria ya Uji

Filister hukabidhi nyumba kwa gololi. Wapo mafundi wanaokabidhi kwa ufunguo, na wapo wanaokabidhi kwa maneno mengi na kutoweka kabla mvua haijanyesha. Yeye humwingiza mteja katikati ya chumba kipya, huchuchumaa, hutoa gololi ya kijani katika mfuko wa ovaroli yake, huiweka sakafuni na kuondoa kidole taratibu. Kisha wote wawili hungoja. Gololi ikitulia, mteja amepata nyumba. Ikianza kutembea, hata kwa uvivu, hata mteja mwenyewe akisema, "Aa, hiyo ni kidogo tu, tutaweka zulia," Filister huwaita wasaidizi wake na sakafu hupasuliwa siku hiyo hiyo.

Bafuni mambo ni kinyume. Huko gololi isipotembea ndipo nyundo huletwa. Kwa kila mita moja ya sakafu ya bafu, Filister hutaka mteremko wa sentimita mbili na nusu kuelekea kwenye tundu la maji. Ukimwuliza kwa nini isiwe moja au tano, atakueleza kwamba kwa moja maji huzubaa, na kwa tano mwenye nyumba huteleza akiwa na sabuni machoni.

Watu wa Sori, mji mdogo wa ziwani karibu na mpaka wa Tanzania, humwita Mama Timazi, kwa sababu ya kile kipande cha shaba chenye ncha, kinachoning'inia kwenye uzi, ambacho hukitoa kila anapotaka kujua kama ukuta umesimama wima au unajifanya tu. Wanawake wenzake humwita Nyar Gwasi, yaani binti wa Gwasi, kwa kuwa alizaliwa upande ule, karibu na Magunga, katika nyumba iliyojengwa ubavuni mwa kilima na mtu aliyekuwa na haraka. Kuku wa mama yake alikuwa akitaga chini ya kitanda, na yai lilijileta lenyewe mpaka mlangoni. Mama hakuwahi kuinama kutafuta mayai. Alikuwa akiweka kikapu kizingitini na kuendelea na kazi zake. Wageni walistaajabu. Filister alikua akiamini kwamba ndivyo mayai ya dunia nzima yanavyofanya, mpaka alipolala kwa shangazi yake kule Asumbi, akaamka asubuhi, akakaa mlangoni saa nzima akingoja yai.

Alipofika umri wa miaka ishirini alipata kibarua cha kuwachotea mafundi maji. Siku moja aliweka ndoo iliyojaa juu ya ukuta mpya ili apumzishe shingo. Maji yalikaribia kumwagika upande mmoja, na upande wa pili ndoo ilikuwa na nafasi ya vidole viwili.

"Fundi," akasema, "ukuta wako unakunywa upande mmoja."

Fundi mkuu, mzee wa Kikuria aliyeitwa Maroa, alimwambia arudi mtoni na asifundishe wanaume kazi. Filister akaenda. Aliporudi alimkuta Maroa amepiga magoti mbele ya ile ndoo, jicho moja limefumbwa. Ukuta ulibomolewa. Kuanzia siku hiyo hakuchota maji tena, na miaka sita baadaye, Maroa alipoacha kazi kwa sababu ya mgongo, alimkabidhi timazi lake la shaba. Hakumwambia neno la maana siku hiyo. Alisema tu, "Usiliangushe. Likipinda ncha, wewe pia utapinda." Filister hulifunga katika kitambaa cha flana kama mtu anayefunga dawa.

Sasa, ukifika Sori leo, utaona jengo dogo jeupe ambalo halifuati barabara. Maduka yote yamepangwa kando ya lami kama wanafunzi kwenye gwaride, lakini jengo lile limegeuza bega kidogo, kana kwamba limeitwa na mtu. Kati yake na ukuta wa jirani kumebaki kipande cha ardhi cha pembe tatu, na katika pembe tatu hiyo Emmaculate huuza uji. Jengo hilo ni msikiti, na namna lilivyogeuza bega ndiyo habari ninayotaka kuisimulia, kwa sababu timazi la Maroa lilikaribia kupotea siku ile.

Waislamu wa Sori si wengi. Wengi wao ni wenye maduka waliotoka mbali, na kwa miaka mingi walikuwa wakiswali katika stoo nyuma ya duka la Hamud, baina ya magunia ya saruji na mabomba. Hamud anauza vifaa vya ujenzi na anamjua Filister vizuri, kwa kuwa ndiye mteja pekee anayerudisha msumari mmoja akiona umepinda. Walipopata kiwanja, kati ya barabara na ziwa, Hamud akasema fundi ni Mama Timazi au hakuna fundi.

Wazee wa kamati walikuwa watatu. Wa kwanza ni huyo Hamud. Wa pili ni Maalim Mohammad, anayewafundisha watoto Kurani, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Wa tatu ni Mzee Suleman, mwenye duka la nguo na mikeka, mzaliwa wa Mombasa, ambaye ameishi Sori miaka ishirini na miwili na bado analalamika kwamba samaki wa huku hawana chumvi.

Tarehe kumi na moja Mei walikutana kiwanjani kupiga vigingi. Mzee Suleman alikuja na dira ndogo ya shaba aliyorithi kwa babake. Aliifungua juu ya kiganja, akangoja sindano itulie, akanyoosha bakora yake.

"Kaskazini ile pale. Kwetu Mombasa ukielekea kaskazini umeelekea kibla, basi. Piga kamba, mama."

Filister alipiga kamba. Kwa bahati, mstari ule ulikwenda sambamba na barabara, na kila mtu akaridhika, kwa sababu fundi yeyote wa Sori hupenda ukuta ulio sambamba na barabara. Hamud, kwa furaha tu, akatoa simu yake ili aone nayo inasemaje. Alikuwa amesimama kando ya rundo la vyuma vya msingi. Mshale wa kibla kwenye simu ulizunguka, ukaelekea ziwani, ukabadilisha nia, ukaelekea kwa kinyozi.

Mzee Suleman alicheka mpaka akashika kiuno. "Hiyo ndiyo simu yako? Yangu juzi ilinikaribisha Tanzania nami nimekaa dukani kwangu nakunywa kahawa! Ikishindwa kujua nchi, itajua kibla?"

Kila mtu alicheka, maana huku mpakani simu za wengi hupokea ujumbe wa kukaribishwa Tanzania mara mbili kwa siku. Filister hakucheka. Alimwomba Hamud simu, akaondoka penye vyuma, akaenda mpaka mwisho wa kiwanja, mbali na mabati na pikipiki. Akangoja. Akasogea hatua ishirini, akangoja tena. Akaenda kona ya tatu. Aliporudi alikuwa ameshika kigingi kimoja kipya, na uso wake ulikuwa na ile sura ambayo wasaidizi wake huiogopa, sura ya gololi iliyotembea.

"Mzee, dira yako iko sawa," akasema. "Kaskazini ni pale pale uliponyoosha. Na simu ikiwa mbali na chuma inakubali kaskazini ni pale. Lakini haisemi Makka iko kaskazini. Inasema iko kulia kidogo. Nyuzi kumi na tatu."

"Nyuzi kumi na tatu ni nini?"

"Kwa ukuta huu wa mita kumi na mbili, ni karibu mita tatu kule mwisho." Akatembea, akakita kigingi chake mita tatu upande wa kulia wa kigingi cha mzee. Vigingi vile viwili vilisimama vikitazamana kama majirani waliogombania mpaka.

Mzee Suleman aliacha kucheka. "Hebu sikiliza, mama. Wewe Jumapili waenda kanisani, na kanisani huko nimekusikia waimba, sauti yafika mpaka dukani kwangu. Leo wataka kunifundisha kibla?"

"Sikufundishi kuswali, Mzee. Hapo mimi sijui kitu. Mimi nakufundisha kona."

Hamud aligeuka upande mwingine akajifanya anakohoa.

Filister akaona ameongea vibaya, akapunguza sauti. "Mzee, kosa hilo hata mimi nimelifanya. Nilipokuwa mtoto kule Magunga, jua lilikuwa likitua nyuma ya milima ya Gwasi. Mtu akiniuliza milima iko wapi, nilikuwa nanyoosha mkono magharibi. Nikaolewa hapa. Siku ya kwanza mama mkwe akaniuliza, kwenu kuko upande gani? Nikanyoosha mkono magharibi, bila hata kufikiri. Mama mkwe akacheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa nimemwonyesha ziwa! Alifikiri nimetoka kwa samaki. Ukiwa hapa Sori, milima ya Gwasi iko kaskazini. Milima haikuhama, Mzee. Ni mimi nilihama na mkono wangu wa zamani."

"Milima ni milima. Makka ni Makka."

"Ndiyo. Lakini Mombasa iko mbali sana mashariki ya hapa. Ukiwa kule, Makka iko mbele yako moja kwa moja. Sisi tuko huku kwa ziwa. Ukitoka huku ni lazima ukunje kulia kidogo, la sivyo utapita kando."

Mzee Suleman alifunga dira yake kwa mlio. "Nimeswali hapa miaka ishirini na miwili," akasema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Ishirini na miwili. Vigingi vyangu vikibaki, msingi uchimbwe kesho. Vikihama, nawe uhame. Duke yuko, na Duke hanibishii."

Hilo lilikuwa kweli. Duke ni fundi mwenzake, mtu wa tabasamu pana, ambaye hambishii mteja hata mteja akitaka mlango kwenye paa.

Ndipo Maalim Mohammad akasafisha miwani yake. "Ndugu zangu, jambo hili lina hakimu. Kuna siku mbili katika mwaka ambapo jua hupita wima kabisa juu ya Al-Kaaba. Moja ni tarehe ishirini na nane ya mwezi huu, saa sita na dakika kumi na nane, na saa ya Makka na ya kwetu ni moja. Dakika hiyo, mtu akiona jua, popote alipo, ameona upande wa kibla. Kivuli cha kitu kilichosimama wima kitaangukia upande wa pili wake. Tungoje siku kumi na saba. Mahali hapa patakaa miaka mia."

Mzee Suleman aliwaza. Jua lilikuwa hakimu ambaye yeye hangeweza kumkataa. Halikuwa simu, wala halikuwa mwanamke wa kwaya. "Na kivuli kikifuata mstari wangu?"

Kabla hajajizuia, Filister alijisikia akisema, "Nitaondoka, nimwachie Duke kazi. Na timazi langu nitamwachia pia."

Wasaidizi wake walitazamana. Emmaculate, ambaye alikuwa amewaletea uji na kusimama pale muda mrefu kuliko uji ulivyohitaji, alitamka polepole kwa mshangao, "Yawa, Nyar Gwasi."

Siku kumi na saba ni nyingi kwa mtu aliyeropoka. Kila alikopita Filister alitaniwa. Kwenye mialo ya mashua wavuvi walimwuliza kama jua limeshamtumia ujumbe. Duke alimpitia nyumbani, kwa heshima zote, akaomba aonyeshwe timazi "ili nianze kulizoea." Mumewe, Frankline, anayetengeneza injini za mashua, alimtazama akiwa amelala macho wazi na kumwambia, "Mama, ungeweka kuku. Watu huweka kuku." Filister alikuwa na hakika na nyuzi zake kumi na tatu alipokuwa amesimama, lakini alipolala zilipungua. Labda zile kona tatu zote zilikuwa na chuma chini ya udongo. Labda simu ilikuwa Tanzania. Aliamka, akafungua flana, akatazama ncha ya shaba, akaifunga tena.

Tarehe ishirini na nane ilianza na mvua. Saa tatu ilikuwa ikinyesha, saa nne ikanyesha kwa bidii zaidi, na saa tano ikakoma ghafla, ikaacha mawingu makubwa yakitembea juu ya ziwa bila haraka. Kiwanjani watu walijaa. Wenye maduka walikuwa wamefunga, na wasio Waislamu walikuwa wengi kuliko Waislamu, kwa kuwa Sori hakuna jambo la watu wachache.

Kila mtu alikuja na kijiti chake. Hamud alileta fimbo ya pazia. Idil, mkewe, anayeuza vyombo, alileta mwiko mrefu wa ugali. Mzee Suleman aliichomeka bakora yake katikati ya kiwanja. Wakati wingu lilipofunguka, saa sita kasoro dakika tano, vijiti tisa vilikuwa vimesimama, na vivuli tisa vilikuwa vimetawanyika kama vidole vya mikono miwili iliyokosa kimoja.

"Sasa tufuate upi?" Maalim akauliza.

Mzee Suleman alionyesha bakora. "Huo."

"Mzee, bakora yako imelala," Filister akasema.

"Imelala wapi? Imesimama!"

"Imesimama kwa ardhi. Haijasimama kwa mbingu." Akachuchumaa, akaweka gololi yake ya kijani chini. Ilikimbia kuelekea ziwani, na ingefika majini kama Idil hangeikanyaga. "Hapa pana mteremko. Sote tukisimamisha kijiti, jicho linakipima na ardhi iliyo karibu, halafu kijiti kinaegemea ziwa pamoja na ardhi. Jua likiwa juu hivi, kijiti kikiinama kidogo tu, kivuli kinaenda kando sana. Si bakora yako peke yake, Mzee. Hata mwiko wa Idil umelewa."

"Mwiko wangu haunywi," Idil akasema, na watu wakacheka, lakini waliviangalia vijiti vyao upya, wakiinamisha vichwa huku na huku.

Filister alikuwa amekuja na miti mitatu mirefu. Akaifunga pamoja juu kwa kamba, akaitandaza miguu juu ya kigingi cha kwanza, pale mistari yote miwili ilipoanzia, na kutoka pale juu akaning'iniza timazi. Hakuhitaji kijiti. Uzi wenyewe ndio ulikuwa kijiti, na hakuna mteremko wa Sori unaoweza kuudanganya uzi uliovutwa na shaba. Kivuli chake kilianguka juu ya udongo, chembamba, cheusi, kizuri.

Halafu upepo wa ziwa ukafika.

Timazi likaanza kubembea. Kivuli kikaenda kulia, kikaja kushoto, kikapita kwenye mstari wa Mzee Suleman, kikapita kwenye mstari wa Filister, kikarudi, kana kwamba kinawatania wote wawili kwa usawa.

"Saa sita na dakika sita," akatangaza Hamud, ambaye asubuhi ile alikuwa amelinganisha saa yake na redio.

Filister akaita ndoo ya maji, akaiweka chini ya timazi ili shaba izame. Hiyo ndiyo njia aliyofundishwa na Maroa; maji hulishika timazi likatulia. Lakini siku ile upepo ulikuwa na nguvu, na timazi liliogelea ndani ya ndoo kwa furaha.

"Dakika tisa."

"Jua linakubali mstari wangu na wako," Mzee Suleman akasema. "Labda tujenge mbili."

Filister alifuta jasho. Macho yake yalizunguka kiwanjani, yakapita juu ya Duke, aliyekuwa amesimama mbele kabisa akitabasamu, yakafika kwa Emmaculate, yakashuka kwenye sufuria iliyokuwa mbele yake.

"Emmaculate! Uji wako ni mzito?"

Emmaculate alijishika kiuno. "Kwani lini ulisikia uji wangu ni maji?"

"Ulete hapa. Sufuria yote."

"Yote? Na wateja wangu?"

"Lete, dada, nakuomba!"

Ndoo ikaondolewa. Sufuria ya uji wa unga wa wimbi ikaletwa na watu wawili, ikawekwa chini ya miti mitatu. Timazi la Maroa, lililokaa miaka yote katika flana, lilishuka taratibu na kuzama mpaka shingoni katika uji wa kahawia. Liliyumba mara moja, kwa shida. Likayumba mara ya pili, kama mzee anayegeuka kitandani. Likatulia. Juu yake uzi ulikaza, na kivuli kikasimama juu ya ardhi bila hata kutetemeka.

Watu walipiga makofi. Na wingu, ambalo huenda lilidhani limepigiwa makofi lenyewe, likaja likakaa mbele ya jua.

Kivuli kilififia, kikapotea. "Dakika kumi na tatu," akasema Hamud kwa sauti ya chini. Mzee Suleman alitazama juu. Filister naye alitazama juu, kisha akatazama mikono ya Duke, akaona jinsi vidole vyake vilivyo vinene kwa timazi lile, akatazama juu tena. "Kumi na tano." Midomo ya Maalim ilikuwa ikisogea. Emmaculate, Mkristo wa kwaya moja na Filister, alikuwa amefumba macho, ingawa haikujulikana kama anamwombea rafiki yake au uji wake. "Kumi na sita." Ukingo wa wingu ulianza kung'aa. "Kumi na saba!"

Jua likatoka.

"Sasa!" Maalim akapaza sauti.

Filister alikuwa tayari magotini. Akapiga msumari mmoja ardhini juu ya kivuli, karibu na sufuria. Akapiga wa pili mwishoni mwa kivuli. Na wa tatu katikati, wa kuhakikisha. Hamud alipotangaza dakika kumi na tisa, wingu lilikuwa limerudi, na misumari mitatu ilikuwa imesimama kwenye mstari mmoja katika matope.

Sasa ilibaki kuvuta kamba. Alifunga kamba kwenye misumari, akampa msaidizi wake upande mmoja, yeye akaenda na upande mwingine, kinyume cha kivuli, kuelekea kule mwisho wa kiwanja penye vigingi viwili. Alitembea polepole kuliko alivyohitaji. Watu walimfuata kwa macho. Kamba ilikipita kigingi cha Mzee Suleman kwa mbali, hatua tatu nzima, ikaendelea kulia, kulia, mpaka ikafika kwenye kigingi chake mwenyewe.

Haikukigusa.

Filister aliinama. Akapima kwa mkono. Akang'oa kigingi chake, akakisogeza vidole vitatu kurudi kushoto, akakikita upya chini ya kamba, akasimama.

Mzee Suleman alikuwa amefika pale. Alikuwa ameiona kamba ikipita kigingi chake, na uso wake ulikuwa umezimika, lakini jambo hili la pili lilimshangaza kuliko la kwanza. "Mbona wakisogeza chako? Si umeshinda?"

"Nilikosea vidole vitatu, Mzee."

"Vidole vitatu! Nani angejua?"

"Mimi."

Mzee Suleman alimtazama mwanamke huyu mwenye matope magotini na uji kwenye mkono wa ovaroli. Kisha akaketi juu ya tofali, taratibu, na hapo ndipo Filister alipoelewa jambo ambalo hakulielewa siku zote kumi na saba. Mzee hakuwa akitetea vigingi.

"Maalim," mzee akasema, "niambie wewe. Miaka ishirini na miwili dukani kwangu. Alfajiri zote zile. Nilikuwa nikipita kando?"

Maalim Mohammad aliketi kando yake juu ya tofali jingine. "Ulikuwa ukijitahidi kwa dira ya babako na kwa nia yako. Huulizwi zaidi ya hapo, Mzee. Na upande ulikuwa ni ule ule. Leo tumepata tu kuunyoosha vizuri. Aliyejitahidi kuelekea ameelekea."

Mzee alitoa leso mfukoni, na watu wakafikiri anataka kufuta macho. Badala yake alinyanyuka, akaenda kwenye sufuria, akalivuta timazi kutoka ndani ya uji, akaanza kulifuta. Alilifuta ncha, shingo, na hata tundu la uzi, mpaka shaba ikang'aa, kisha akampa Filister kwa mikono miwili. Duke akapiga makofi ya heshima na kwenda zake.

"Na uji wangu?" Emmaculate akauliza.

"Niletee bakuli," akasema Mzee Suleman. "Uji uliotumika kwa kazi hii hautupwi." Akanywa mbele ya watu wote, na akasema haukuwa na sukari ya kutosha.

Jioni ile, vigingi vilipokwisha kupigwa vyote, mzee alimwita Filister dukani. Nyuma ya pazia, penye marobota ya kanga, palikuwa na mkeka wake, umechakaa mahali pa magoti mawili. Alitaka kujua tu, alisema, kwa siku zilizobaki kabla msikiti haujaisha. Filister alisimama nje ya pazia, akapima kwa kamba kutoka kwenye ukuta wa duka, akaweka alama mbili za chaki sakafuni, akarudi nyuma. Mzee akainama, akashika mkeka kwa ncha, akauzungusha.

"Hapa?"

"Kulia kidogo, Mzee."

"Hapa?"

"Kidogo tena."

"Mama, nitafika Zanzibar!"

"Bado vidole vitatu."

Mzee Suleman alisogeza vidole vitatu.